Nilipofuta Majina kwenye Picha

Nilikuwa na studio ndogo ya picha Uvira, nikipiga picha na video za harusi na misiba. Wapiga picha wengine walimpa mteja fleshi yenye faili za namba tu, kama kamera ilivyoziandika, ahangaike nazo mwenyewe. Mimi sikukubali. Kila faili niliiandika jina la bwana, jina la bibi, kijiji, tarehe. Shangazi wa bibi-harusi aliweza kufungua na kujiona bila kuita mtu. Nilijivunia jambo hilo.

Vita ilikuwa ikija na kuondoka kule uwandani, kaskazini mwa mji. Asubuhi tuliuliza kama barabara iko wazi, tukiambiwa ndiyo, tulikwenda. Siku moja nilikuwa nimepakiwa kwenye pikipiki, kompyuta kwenye mkoba, nikipeleka picha za harusi Kiringye kwa baba wa bibi-harusi, mkulima wa mpunga.

Tulipopita Sange tukakuta bariera ambayo juzi haikuwepo. Kamba, na watu wanne wenye bunduki. Sikujua ni wa upande gani na sikuuliza. Mmoja aliyejua kusoma akaona kompyuta, akaniambia nifungue hiyo mashini.

Nilidhani atatazama picha. Hakutazama hata moja. Alisoma majina ya faili, polepole, kwa sauti, kama mwalimu anayeita wanafunzi. Akafika kwa jina la bwana-harusi wa Kiringye, akasimama.

"Huyu iko wapi sasa?"

"Siyui, chef. Minye napiga picha tu. Ndoa ikiisha, siwafuate."

"Umeandika kijiji chake. Umeandika na tarehe. Halafu unasema haumujue?"

Akaendelea kushuka. Harusi za Katogota, msiba wa Mutarule, watu wa miaka mitatu. Kwetu jina la mtu linatosha kukuambia wazazi wake ni kina nani na yeye ni wa kabila gani. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimebeba orodha ya watu, nimeiandika kwa mkono wangu, safi, bila kosa.

Akachomoa kalamu mfukoni, akaandika jina la yule kijana kwenye kiganja chake. Lori la mihogo likafika nyuma yetu, wenzake wakamwita. Akanirudishia kompyuta.

"Rudi Uvira."

Nilirudi. Nikampigia simu baba wa bibi-harusi, nikamweleza yote, nikamwambia mkwe wake aondoke leo, si kesho. Akasema, "Nimesikia, mama," akakata. Kijana akaondoka jioni ileile kwenda Baraka, mji ulio kusini kando ya ziwa, kwa mjomba wake. Baada ya siku tatu watu walifika Kiringye kuuliza nyumba yake ni ipi. Walikuta mlango umefungwa.

Dada yangu, niliyekuwa nikiishi naye, aliponiona nimekaa tena mbele ya kompyuta, akakasirika.

"Weye, acha hiyo kazi! Itakuuwa na itauwa watu."

"Kazi siachi," nikamjibu. "Majina ndiyo nitaacha."

Nilianza siku hiyo. Umeme ukikatika niliwasha jenereta, mafuta yakiisha nilingoja umeme. Nilifungua kila dosye ya picha kwenye kompyuta, nikafuta majina, vijiji, tarehe. Macho yaliuma na mgongo ukauma, nikaendelea. Karibu wiki nzima ilipita kabla ya kumaliza.

Baba wa bibi-harusi akaja mwenyewe kuchukua picha zake. Alivaa koti lake la kanisani. Nilipomwonyesha, uso wake ukabadilika.

"Mwanangu ameolewa, unanipa picha bila jina lake? Sasa hizi ni za nani?"

"Papa, ni zako. Lakini jina litabaki kwako, si humu. Niambie weye unaona nini, nitaandika hivyo."

Hakutaka. Alivua kofia, akaiweka magotini. Kisha akanyoosha kidole kwenye ile ya kwanza.

"Hapa mbuzi ameingia kanisani. Andika."

Nikaandika. Tukaendelea hivyo mchana wote: kitenge cha manjano, mama mkubwa anakataa kupigwa picha, ngoma imepasuka, mvua imetukuta mezani. Mara nyingine alicheka hadi akafuta machozi. Tulipofika kwenye picha ya mkwe wake peke yake, akaivuta kompyuta karibu.

"Andika tu: suti mupya."

Nikamwekea zote kwenye kadi ya simu yake. Kesho yake akanipigia kutoka nyumbani. Kwenye bariera walikuwa wamemwambia afungue simu.

"Wamesoma ile ya mbuzi, wakacheka, wakanirudishia."

Kijana hakurudi Kiringye. Mke wake alimfuata Baraka, wakapata shamba la kulima. Nilimpigia yule kijana kuomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, akakata simu, na sikumlaumu. Nilijaribu tena baada ya Pasaka, hakupokea.

Mwaka uliofuata namba yake ikaita kwenye simu yangu. Walikuwa wamepata mtoto wa kike, walitaka picha za ubatizo.

"Utaandika nini kwenye picha za mwanangu?" akauliza.

"Kile utaniambia."

"Basi kuja Jumamosi. Boti inaondoka asubuhi."

Nilikwenda.