Sentensi Kumi za Shangazi Dama

Harufu ya wali unaoungua hunirudisha Changamwe upesi kuliko harufu ya mafuta ya taa, ingawa mafuta ndiyo yaliyokuwa hewa yetu. Baba alifanya kazi kwenye matangi, na shati lake lilinuka mafuta hata Jumapili, hata baada ya mama kulifua mara tatu na kulianika kutwa. Lakini mafuta yalikuwa ya Changamwe nzima. Wali ulioungua ulikuwa wa kwetu peke yetu, na mpishi wake alikuwa shangazi Dama, dada mdogo wa baba, aliyetoka Rabai wakati wa vita vya pili vya dunia akaja kukaa nasi, na sanduku moja la bati na usingizi usio na kipimo. Sufuria za watu huwa nyeusi nje. Zetu zilikuwa nyeusi na ndani pia.

Nilikuwa na miaka kumi, na shuleni Kiingereza kilikuwa kimeanza kutiwa kwa nguvu. Mwalimu wetu, mtu wa Taita mwembamba kama chaki aliyoishika, alitupa neno moja la wiki nzima: always, yaani siku zote, kila mara. Alitufundisha likae wapi, baada ya kumtaja mtu na kabla ya kusema anachofanya, na aliyeliweka mahali pengine alisimama kwa mguu mmoja mpaka kengele. Kisha akatuagiza tuandike sentensi kumi. Wiki iliyotangulia mtoto mmoja alikuwa ameandika kwamba mama yake hula simba, na mwalimu, ambaye pia alitufundisha dini, alikasirika kuliko tulivyotarajia. Sentensi ya uongo, alisema, ni uongo tu, hata ikiwekewa nukta mwishoni. Tuandike yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Wenzangu walikuwa watu wa kutembea. Walikwenda kutazama mabehewa yakipakiwa, walivuka kwenda kisiwani, waliwajua mabaharia kwa kofia zao. Mimi nilikuwa mtoto wa uani. Sikupenda kukaa mbali na mahali panapopikwa chakula, tabia ambayo sijaiacha. Kwa hiyo nilipotafuta mambo ya kweli yanayotokea siku zote, nilipata vyumba viwili, jiko la makuti na shangazi Dama. My aunt always burns the rice, niliandika: shangazi yangu siku zote huunguza wali. Baada ya hapo kalamu haikushikika. Nikaandika kwamba siku zote hulala akishakula, na kwamba zamu yake ya kuteka maji ikifika, siku zote hujificha chooni. Baba nikamgawia moja: siku zote hukoroma kanisani. Zote kumi zilipata alama nyekundu ya sahihi. Mwalimu aliwaambia wenzangu waje waone, maana lile neno lilikuwa limekaa mahali pake kama jino. Baba hakujua Kiingereza, lakini alama nyekundu alijua kuzihesabu. Alizihesabu akiwa amesimama, akaketi, akazihesabu tena.

Jumapili iliyofuata watu wa kijana mmoja aitwaye Karisa walikuja kumposa shangazi. Sina budi kueleza kwamba hii ilikuwa posa ya pili. Ya kwanza iliishia kwenye sinia: wageni walionja, wakasifu maji ya kunywa, wakaenda wasirudi, na shangazi akalia wiki nzima. Kwa hiyo safari hii mama alipika mwenyewe, na wageni wakaambiwa ni mikono ya Dama. Kibuyu cha tembo la mnazi, ambacho bila yake posa ya kwetu haianzi, kilifunikwa kanga kwa sababu katekista alikuwa jirani. Naye katekista, kwa kuwa kilifunikwa, akaja kunywa bila wasiwasi. Msemaji wa wageni alikuwa mjomba wa Karisa, Mzee Kombe, karani wa bandarini, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni. Alisifu wali, akaongezwa, akasifu tena. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na hapo ndipo baba alipotaka yaende vizuri zaidi.

“Kadzo,” aliita, “lete lile buku lako uwasomee wageni Kizungu.”

Niliitika abee, nikaja mikono mitupu, nikasema buku liko shuleni. Baba akalitoa ndani ya koti lake.

Nilifikiria kuziruka zile mbaya, lakini baba alikuwa amelikamata lile neno, olwezi, na kila alipolisikia alikunja kidole. Bila vidole kumi nisingeachiliwa. Nilifikiria kutunga nyingine palepale, lakini Kiingereza changu kilikuwa hakijatosha kusemea uongo. Basi nikasoma. Nyuma ya pazia la mlango nilimwona shangazi, mikono kifuani, akiisikiliza lugha ya ofisini bila kujua inamfanya nini. Kila nilipofika mwisho wa sentensi, Mzee Kombe aliinua mkono ili awafasirie wenzake. Shangazi yangu, alisema, siku zote hupika wali mtamu. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Shangazi yangu, akishakula, hana maneno ya barazani. Ile ya chooni alikohoa kwanza, kisha akasema mtoto anaeleza kwamba shangazi yake ni mtu wa usafi mno. Na baba mwenye nyumba, siku zote husali kanisani macho yamefungwa. Baba, vidole vyote kumi vimekunjwa, akautazama mkeka kwa unyenyekevu. Posa ikakubaliwa kabla ya kibuyu kwisha.

Mimi niliondoka pale na jambo moja moyoni: Mzee Kombe hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Nilimdharau miaka minane, dharau ya mtu aliyesoma kidogo, na hakuna iliyo nene kuliko hiyo. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu huku nikizicheka kalamu zake mbili. Shangazi naye, akiamini nilimsifu mbele za watu, aliniwekea ukoko kila nilipokwenda kwake Likoni, na kwake ukoko haukukosekana.

Nilikuwa nimemaliza sekondari siku tulipokaa kwenye sinia moja hukohuko Likoni, Mzee Kombe mbele yangu. Shangazi aliweka wali akilaumu makaa, akasema leo umeungua kidogo. Mzee akachukua tonge, akatafuna, akanitazama juu ya miwani.

“Always,” akasema taratibu.

Nilipaliwa mpaka nikapigwa mgongo. Shangazi alipokwenda kuniletea maji, nikamuuliza kwa sauti ya chini, “Babu, kumbe siku ile ulielewa?”

“Mjukuu wangu,” akasema, “ningefasiri ulivyosoma, leo tungekuwa tunakula wapi?”

Shangazi alikaa na Karisa wake mpaka uzeeni, na Karisa hakuwahi kulalamikia chakula; nadhani alikuja kuupenda ule moshi. Siku hizi vitukuu wangu wanakisema Kiingereza wakikimbia, na simu zao hufasiri chochote kabla hujafunga mdomo. Juzi niliomba moja, nikaiandikia sentensi yangu ya kwanza. Ikajibu papo hapo: shangazi yangu daima huchoma mchele. Watoto wakanisifia jinsi ilivyo na akili. Ni kweli, ina akili. Lakini nisingeipeleka kwenye posa.