Lakini Yangu Mbele ya Wakwe

Siku tuliyosherehekea diplomi yangu ya masomo ya jioni, hapakuwa na msomi kama mimi kutoka Kavimvira mpaka mwisho wa dunia. Ndivyo nilivyojiona. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nimevaa shati jipya, na uani kwetu watu walijaa hadi kuku wakakosa pa kusimama. Nikainuka kutoa hotuba. Nikamshukuru Mungu, nikawashukuru walimu, kisha nikafika kwa mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la samaki wa mukeke wa kukaanga.

“Bibi yangu alinisaidia sana,” nikasema, “lakini kusoma nilisoma mwenyewe.”

Watu wakapiga makofi. Yeye akaliweka sinia mezani polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Kesho yake asubuhi akaenda kwa wazazi wake, Nyamianda, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa amemshika mkono. Hakugomba. Alisema tu:

“Weye iko na akili nyingi. Jipikie.”

Sasa niseme kile ambacho hotuba ilikiruka. Miaka yote ile niliyosoma, umeme ukikatika (na umeme wetu hukatika hata ukiutazama vibaya), yeye ndiye aliyenishikia tochi ya simu, mkono mwingine ukichambua ndagala, dagaa zetu za ziwani, za kupeleka sokoni. Alinisomea maswali, mimi nikajibu. Nikikosea alicheka, halafu ananiambia jibu. Ndiyo, alilijua. Alikuwa ameyasikia masomo yote, tena bila kupoteza ndagala hata moja.

Nilijipikia siku nne. Siku ya kwanza niliunguza bugali. Siku ya pili pia. Siku ya tatu bugali ndio uliniunguza mimi. Siku ya tano nikamwendea shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, maana kwetu mwanaume haendi peke yake kumrudisha mke. Huenda na mkubwa wa ukoo, kitu mkononi, na maneno yaliyonyooka. Kitu tulikuwa nacho: sukari na sabuni. Maneno niliyaandaa mwenyewe, kwenye daftari, kama nilivyofundishwa. Mwalimu wetu wa insha alishikilia sana jambo moja: msomi haleti hoja bila kuleta na upande wa pili. Unasema jambo, unaweka “lakini”, unageuka, ndipo unahitimisha. Mimi kwa kugeuka nilikuwa bingwa wa darasa.

Nyumbani kwa wakwe zangu kuna desturi: mkwe aliyekuja na kosa hanawishwi mikono mpaka neno limekwisha, na asiyenawa hali. Kwa hiyo mama mkwe alikaa kando yangu na beseni na jagi la maji. Nyuma yake chakula kimefunikwa, na harufu ya samaki wa mawese inapita chini ya kifuniko na kuja moja kwa moja kwangu, mtu wa siku nne za bugali ulioungua. Mke wangu alikaa karibu na baba yake, akilitazama sikio langu badala ya uso.

“Ongea, mukwe,” akasema baba mkwe.

“Wazazi wangu, nimekosa.”

Mama mkwe akainua jagi.

“Lakini na yeye angeniambia kwanza, kabla ya kuondoka.”

Jagi likashuka. Shangazi akanifinya paja.

“Nimekosa sana,” nikasema haraka. Beseni likasogea. “Ijapokuwa ile siku nilikuwa na furaha nyingi…”

Beseni likarudi.

Lilienda na kurudi mara mia, msinibishie, mpaka maji yake yakapata mawimbi kama ya ziwa. Nilitoa “hata hivyo”. Nilitoa “ila”. Mama mkwe akatingisha kichwa: “Mukwe, hii mikono itafika Pasaka haijanawa.” Baba mkwe, aliyevua samaki tangu utoto, akaguna: “Unatupa nyavu, unavuta vizuri, halafu unamwaga samaki yote mu maji. Tutakula nini?”

“Mutoto wa kaka yangu,” shangazi akanong’ona, kwa sauti iliyosikika mpaka mtaa wa pili, “hii haiko mutihani! Hakuna mutu atakupa alama!”

Nikafunga daftari. Nikaitazama mikono ya mke wangu, iliyokuwa imetulia mapajani. Niligundua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kuiona ikikaa bure.

“Mama watoto,” nikasema, “ulinishikia tochi. Ulinisomea maswali. Na minye nikasimama mbele ya watu nikasema nilisoma mwenyewe. Nimekosa.”

Mdomo ukafunguka tena, wenyewe, kwa mazoea. Lile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikaling’ata.

Mama mkwe akaukagua mdomo wangu kwa muda ambao mtu angeweza kupiga kasia mpaka Burundi na kurudi. Kisha akanyanyua jagi. Mke wangu akamzuia mkono.

“Ngoja, mama. Nitarudi kwangu,” akasema, na moyo wangu ukaruka mpaka Mulenge, juu milimani. “Lakini…”

Ukashuka milima yote mbio. Shangazi akanitazama kwa raha. “Umeona inavyouma?”

“Lakini mwaka huu minye naingia masomo ya jioni,” akasema mke wangu. “Na weye utashika tochi.”

“Nitashika.”

“Na ndagala utachambua.”

“Nitachambua.”

Nikangoja kama kuna kingine. Akanitazama, safari hii usoni, akakaribia sana kutabasamu.

“Basi, nawa.”

Siku ile nilikula samaki, nikala mifupa, na sahani iliponea chupuchupu.

Sasa yuko mwaka wa pili. Jua likizama namsomea maswali, yeye anajibu, mkono wangu wa kushoto ukitafuta mchanga ndani ya ndagala. Hakosei sana, na hilo linanikosesha nafasi ya kucheka. Jana akalalamika kwamba tochi inatetemeka.

“Mkono umechoka,” nikamwambia, “la…”

Akainua macho kutoka daftarini. “La nini?”

“Umechoka tu,” nikasema, nikaihamishia tochi mkono wa pili.