Jina Moja Lililokausha Mfereji Huko Voi

Sikuwa na haja ya kwenda Voi. Joto la kule halinipendi, na kabichi zangu zilikuwa karibu kufunga. Lakini siku ya Jumanne alinipigia simu mjukuu wangu Wakesho, binti ya Mwandoe, kifungua mimba wangu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Nyanya, njoo uangalie mfereji wako. Maji yanapotea. Wiki tatu tunatafuta kosa, hatulioni. Tusipolipata kufikia Ijumaa tunautoa mfereji wote, tunaweka mvua tu. Jumamosi gemu inatoka."

Niwaeleze nyinyi mliobaki huku mlimani Mghange. Wakesho na wenzake wanatengeneza gemu, hiyo michezo ya kwenye simu inayofanya watoto wasisikie wakiitwa kula. Hii mpya ni ya milima yetu. Anayecheza ni mkulima, na lazima maji yagawanywe kwa zamu kama tulivyogawa sisi: alfajiri majina yanaitwa kuanzia juu, ukiitwa unaondoa jiwe maji yaingie kwako, zamu ikiisha unalirudisha mwenyewe. Usipoitwa, hupati. Majina yale nilimtajia mimi kwenye simu, bila kukwama hata mara moja. Alisema kichwa changu kinashinda kompyuta.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, gari la ofisi lilinikuta nje ya kanisa. Dereva ni Mwadime, mtoto wa marehemu Samba, yule fundi viatu.

"Nyanya, sweta tatu? Unaenda Voi ama Ulaya?"

"Wewe endesha."

Wundanyi nilivua moja. Mwatate, katani zilipoanza, nikavua ya pili. Ya tatu nililoa nayo jasho hadi Voi, ili mtoto wa Samba asipate la kusema.

Saa tatu nilikuwa mlangoni. Jengo la ghorofa tatu, mbele kote kioo, na ndani meza kuukuu ya mbao imewekwa pale kama madhabahu. Alinipokea Salim, kijana wa pale pale Voi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hii meza mbona hamtupi?"

"Hiyo ndiyo mama yetu, Bibi. Tulianzia chumba nyuma ya duka la saruji: mimi, Wakesho na Kiwinda, na kompyuta moja. Mmoja akiandika, wawili wanapepea."

"Wanampepea mwenzao?"

"Wanaipepea kompyuta! Joto lilikuwa linaizima."

Akaniambia Kiwinda alikuja siku moja macho mekundu, ametoka kwao Marungu kufukuza ndovu kwenye mahindi kwa kupiga madebe. Wakasema, basi hii ndiyo gemu. Wakaitengeneza. Watu wa nchi ambazo hazijawahi kuona ndovu wakakaa wanapiga madebe kwenye simu zao. Chumba kikawa viwili, viwili vikawa nyumba, nyumba ikawa lile jengo.

Ghorofa ya kwanza ni ya wachoraji. Msichana mmoja alikuwa na siku nne anachora ukungu tu. Nilipousogelea nikaujua: ni ule unaoteremka kutoka kilele cha Vuria, unaanza na miguu ya watu kabla ya vichwa. Ya pili ni ya sauti. Kuta zimevikwa magodoro, na mama mmoja amevaa sandali za plastiki kama zangu, anakanyaga maganda makavu ya maharagwe ndani ya karai. Nikafumba macho. Haki ya Mungu, alikuwa Righa, jirani yangu wa mfereji, anashuka na jembe lake. Nilisimama pale mpaka wakaniletea kiti.

Ghorofa ya tatu kuna wanaoiandikia kompyuta maneno ambayo hayasemeki na mdomo, na wengine ambao kazi yao ni kucheza kutwa nzima wakitafuta makosa.

"Na wanalipwa?"

"Wanalipwa, Nyanya," akasema Wakesho, aliyekuwa akitungoja huko.

"Na mimi nilimchapa baba yako kwa kucheza!"

Kisha Kiwinda akafungua mfereji kwenye kioo cha ukutani, kikubwa kama mlango wa kanisa. Nikashika mkono wa Wakesho. Jiwe lile lile. Kona ile ile ya migomba. Maji yakaingia kwa Mwakio, akafunga. Kwa Righa, akafunga. Kwa Nyambu, akafunga. Halafu yakaingia shamba la nne, yakakaa humo. Chini yake kabichi zikaanza kuwa za njano. Zilikuwa zangu.

"Kila mara hapo," Kiwinda akasema. "Jana usiku ndipo tukahesabu kwenye picha ya mlima tuliyopiga kutoka angani: mashamba ni kumi na moja. Majina ni kumi. Kompyuta inalifungulia hili kama mengine, lakini halina mwenyewe, hakuna wa kurudisha jiwe. Nyanya, hapa palikuwa pa nani?"

Vijana wote wakavua vile vya masikioni.

Nilijua. Pale ni pa Mkamburi, dada ya mume wangu. Mwaka aliozaliwa Mwandoe, aliondoa jiwe lake kwenye zamu yangu, kabichi zangu zikakauka zote. Tangu hapo nikawa namwita "yule". Kwenye simu sikumsahau. Nilimruka.

"Mkamburi," nikasema. "Anaitwa wa nne, kabla yangu. Mwandikeni."

Kiwinda akaandika. Kwenye ukuta akatokea mama mfupi mnene mwenye kitambaa kichwani, akarudisha jiwe, na maji yakateremka hadi kwangu. Ghorofa nzima ikapiga kelele.

"Ulikuwa umesahau, Nyanya?" Wakesho akauliza.

Kwa umri wangu wangeamini. "La. Nilimficha."

"Wiki tatu! Watu hawajalala!"

"Basi nichapeni."

Alhamisi nilirudi, sweta zote mkononi. Mimi ninayesifiwa kwa kukumbuka majina, nilishuka mpaka Voi kujifunza kazi ya jina ni nini.

Jumapili baada ya ibada nilienda kwa Mkamburi na simu aliyonipa Wakesho. Alisimama mlangoni.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuletea shamba lako."

Akaifuta simu kwa leso, akaangalia muda mrefu. "Huyu mnene ndiye mimi?"

"Ndiye."

"Na wewe uko wapi?"

"Chini yako, kama siku zote."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, kisha kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye jiwe lake, akaliondoa. Ilikuwa zamu yangu.

"Rudisha jiwe, Mkamburi," nikamwambia.

Aliinua kichwa, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Halafu akalirudisha.