Madumu Mawili ya Hafifu

Mjomba, ndugu wa mama yangu, ni fundi betri. Mtaani wanamwita Chujio, maana asidi imezitoboa suruali zake zote. Nilipojifungua alinipa chumba cha nyuma ya karakana, akasema, "Mtoto akilia tutajua chaji imejaa."

Karakana aliianza ujanani na rafiki yake, Mpole. Mjomba alichanganya asidi, Mpole akajaza betri na kuzichaji. Asidi mpya ilikuja kali, hamsini katika mia. Ile ya kumimina kutoka betri kuukuu ilikuwa hafifu, ishirini. Wao walitaka thelathini na tano.

Kipimo cha kioo cha kupimia ukali wa asidi kilipovunjika, nami nikiwa nimeshahamia, Mjomba hakushtuka. "Katikati ya hamsini na ishirini ni thelathini na tano. Kichwa hiki si cha kufugia nywele." Akamimina dumu moja la kali na, kwa kuwa hafifu ilikuwa tele, akaongeza madumu mawili.

Haukupita muda wateja wakarudi wamenuna, magari hayawaki. Mjomba akamgeukia mwenzake mbele ya watu.

"Umetia maji, Mpole! Asidi unaiuza wapi?"

"Mimi?"

"Basi ni jini!"

Mpole akapangusa mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Sawa, Chujio. Mwizi haachiwi ufunguo." Akauweka mezani, akatoka. Nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimwona Mjomba akifumbua mdomo kumwita, kisha akawageukia wateja.

Baadaye, asubuhi moja, alikuwa ameketi ananitazama nikiandaa maji ya kumwogesha mtoto. Nilitia kopo moja la moto, makopo mawili ya baridi.

"Mbona baridi umezidisha?"

"Sawa kwa sawa yatamchoma, Mjomba. Haya ya baridi yakiwa mengi yanavuta upande wake."

Akachovya kidole kwenye beseni, akakiacha humo. Akageuka kuyatazama madumu. "Hamsini... ishirini... na ishirini tena. Tisini. Gawa kwa tatu." Akashika kichwa. "Thelathini! Mama yangu, hakuna aliyetia maji. Ni mimi."

Akachukua ufunguo, tukaongozana mpaka kona ambako Mpole sasa anaziba pancha. Mjomba akaieleza hesabu yote mbele ya wateja, hakuficha kitu.

Mpole akacheka. "Kumbe cha kufugia nywele!"

Nasi tukacheka. Mjomba akamnyooshea ufunguo. Mpole akaufumba ndani ya kiganja cha Mjomba, akakishika kidogo.

"Nimekusamehe, ndugu yangu. Hesabu kila mtu hukosea. Ila ulinihukumu bila kuniuliza, na mimi nimekaa nawe toka hatujaota ndevu. Siwezi kurudi." Akainamia tairi lake.

Mjomba amenunua kipimo kipya, kila dumu analipima mara mbili. Kiti cha Mpole bado kipo kando ya chaja. Mteja akitaka kukikalia, Mjomba humwahi na kigoda kingine.