Farasi wa Idi

Hadi leo, nikipita mashambani Ibra wakati majani ya mifugo yanakatwa mabichi, harufu yake ile ya utamu na maji hunichafua moyo. Watoto wangu hunicheka, husema mama anaogopa majani. Nawaacha wacheke.

Tulirudi Oman, mjini Ibra, miaka ya sabini, sisi tuliozaliwa Unguja, na jamaa zetu wa ukoo mmoja wakatupa jina: Wazinjibari. Walituita hivyo hata walipotukaribisha kula. Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa mizaha mingi nyumbani na wa maneno machache akitoka nje, maana Kiarabu chake kilikuwa na lafudhi ya Unguja na vijana wa sokoni walipenda kukiigiza. Siku ya Idi wanaume wa ukoo walikimbiza farasi, wawili wawili, wameshikana mabega, na sisi tukisimama pembeni pamoja na wageni. Baba alitaka jambo moja tu: Idi iliyokuwa inakuja apande pamoja nao.

Basi akanichukua, nina miaka tisa, tukaenda Jaalan kwa ndugu wawili waliokuwa wakiuza farasi. Walimtoa jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, mzuri hata nikasahau joto. Baba alimpapasa miguu, akaguna kama mjuzi. Walikubaliana upesi, kisha ikaja tende na kahawa. Desturi yao, mnunuzi hukaa, kikombe kikafuata kikombe, na hapo ndipo muuzaji humweleza mnyama wake: anakula nini, anaogopa nini. Kabla ya kahawa hasemi, asije akaonekana anamfundisha mgeni. Baba alikunywa kikombe kimoja, akakitikisa kuonyesha kwamba ametosheka, akainuka. Ndugu mkubwa akamwomba akae kidogo, habari bado. Baba akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akaenda kumpakia farasi kwenye pikapu.

Nyumbani mama alimvisha yule jike kanga shingoni kama bibi harusi. Baba akaleta matita ya majani mabichi, bado yanachuruzika maji, akayamwaga mbele yake, akamwambia ale, hapa ni kwake. Akala mpaka giza likaingia.

Asubuhi tumbo lilikuwa limemvimba, gumu. Alijilaza, akagaagaa, akainuka tena akitota jasho, huku akigeuka kulitazama tumbo lake kana kwamba kuna mtu anamuumiza mle ndani. Baba alimtembeza ua mzima akimbembeleza kwa Kiswahili, "Simama, mama, simama." Jirani akatuma gari Jaalan. Ndugu mkubwa alipofika alasiri, jike alikuwa amekwisha kufa.

Alichutama, akayashika majani yaliyobaki, akasema bila hasira, "Kwetu alikula tende na dagaa wakavu, na majani tuliyoyaacha yakanyauka. Ningekwambia, ya akhi, ndugu yangu. Hukukaa."

Alipoondoka, mama akamuuliza baba taratibu, "Kuuliza si ujinga, baba Zuwena. Kwa nini hukukaa?"

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," baba akasema.

Nilidhani ni mzaha wake mmoja, nikataka kucheka. Mama alikuwa analia.

Idi ile baba hakwenda uwanjani hata kutazama. Na tangu hapo, kila alipokwenda kununua kitu alinichukua mimi, akaniweka mbele niseme, maana shule ilikuwa imekwisha kunipa Kiarabu cha Ibra barabara. Niliagiza mchele, nikabishana na fundi, nikatembea kwa maringo mji mzima nikiamini baba anajivunia mwanawe.

Nilikuwa mtu mzima siku moja dukani, nikimsikiliza binti yangu akizungumza na muuzaji, nilipotambua kwamba miaka yote ile sikumsikia tena baba akifungua kinywa mbele ya watu wa Ibra. Hata salamu aliniachia mimi.