Nyumba Ina Wenyewe

Miaka ile ya ruksa, kila mtu Sumbawanga alikuwa anauza kitu. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika la umma, na kiinua mgongo chake nilikikalia kama kuku anayeatamia, kisije kikaishia kilabuni. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine ananivuta kanga, na wote tumebanana chumba kimoja kwa mama mkwe, ambaye kila asubuhi alishangaa kwa sauti kwamba bado tupo. Nikasema nanunua nyumba mbovu, naitengeneza, naipangisha. Kodi itatulisha, na sisi tutapanga kwingine, mbali na yule mama.

Niliipata mtaa wa Malangali, kwa mzee mmoja, kwa bei ya kutupa. Nyasi za paa zimeoza, ukuta umeliwa na mvua, sebuleni wanalala bata. Majirani wakaniita pembeni mmoja mmoja.

"Dada, nyumba ile ina wenyewe."

Walinong'ona, macho wameyageuzia kando. Hata balozi wa nyumba kumi alininong'oneza hivyo hivyo huku anaweka sahihi ya ushahidi.

Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nikajua ni mambo yao ya majini na mizimu. Mji wenyewe wanasema maana ya jina lake ni tupa uchawi, sasa mtu akikunong'oneza "wenyewe", utaelewa nini? Nikawajibu kwamba hao wenyewe wakija nitawatoza kodi.

Nikaanza kazi. Bati, ambalo zamani ulilipata kwa kibali na kujuana, sasa lilikuwa limejaa madukani. Udongo wa kuziba kuta niliukanyaga mwenyewe, mtoto mgongoni akidhani tunacheza ngoma. Tukamwaga sakafu ya saruji, tukapaka rangi ya bluu. Nikapata mpangaji, mwalimu wa sekondari, mtu mpole, aliyesema akiingia hatoki.

Siku anahamia, godoro bado limefungwa kwenye baiskeli, lori la kutoka Milepa, kule bondeni, likasimama. Akashuka bibi mmoja na magunia yake ya mahindi. Akalitazama paa kwa muda mrefu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba. Akacheka hadi akashika kiuno.

"Mwenye nyumba ni mimi, mwanangu. Nilikwenda kulima bondeni. Kwa bati nashukuru sana. Rangi ndiyo sijaipenda."

Yule mzee alikuwa mumewe. Nyumba aliijenga bibi kwa hela ya pombe yake ya ulezi, na mtaa mzima ulijua. Nikawageukia majirani, wote wamejipanga kwenye uzio kama wako harusini.

"Si tulikuambia ina wenyewe?" akasema mmoja.

"Sasa kwa nini mlinong'ona?"

"Mzee alikuwa karibu."

Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo meno yananiuma.

Mzee akasakwa, akapatikana nje ya mji, kwenye zizi la Wasukuma, anawachunga ng'ombe aliowanunua kwa hela yangu. Balozi akatukalisha, bila hata haya. Mwalimu akawa anauliza kama afungue godoro au asifungue. Nikaona uungwana hautanisaidia.

"Bibi, mimi leo nikirudi kwa mama mkwe, kesho nitakuwa mahabusu."

Akaniuliza mama mkwe wangu ni nani. Nikamtajia. Akaguna. Kumbe waliimba kwaya moja kanisani, anamjua vizuri. Akamgeukia mumewe, akamwuliza kama ng'ombe wale wanakamuliwa. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Basi ng'ombe nachukua mimi, nashuka nao Milepa. Nyumba abaki nayo huyu mtoto."

Balozi akaandika upesi kabla bibi hajabadili mawazo. Nikamwuliza, na mzee je?

"Si ulinunua nyumba pamoja na vilivyomo?"

Mwalimu alikaa hadi alipohamishwa. Wamekuja wengine, wameondoka. Mzee yumo kwenye chumba cha uani, kodi halipi, na mvua ikinyesha analalamika kwamba bati langu lina kelele. Juzi dada mmoja aliyekuja kuangalia vyumba alinivuta pembeni, akaninong'oneza, eti ni kweli nyumba hii ina wenyewe?

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye uzio: inaye mmoja, mlango wa uani, na chai anakunywa na sukari nyingi.