Siku Waliyoipoteza Mabaharia

Jirani yangu hapa mtaani Rhonda hufunika viazi vyake vya jioni kwa sahani, na kuvila asubuhi bila kuvipasha. Akiinua ile sahani, harufu nzito ya viazi vilivyolala hupenya chini ya mlango wangu, nami nasahau nilikuwa nafanya nini. Msinicheke. Kwa wengine hicho ni kiporo tu, lakini kwangu ni harufu ya Sabato.

Nililelewa na mama yake mama yangu, huko Olenguruone. Nilimwita Kogo, kama wajukuu wote wa kwetu wanavyoita nyanya zao. Kogo alisali kanisa la Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa nyumba yake ilikuwa mbio tupu: kuni zipasuliwe, maji yachotwe, viazi vichemshwe sufuria nzima. Jua likishatua nyuma ya msitu, hakuna kupika tena mpaka litue la kesho yake. Jumamosi tulikula viazi baridi na maziwa, na ole wako ukinuna.

Ng'ambo ya kijito aliishi dada yake mdogo, Tabitha, aliyesali Jumapili. Moshi wa jiko lake tuliuona na kuku wake walikuja kwetu, lakini yeye mwenyewe hakuja. Walikosana siku ya kumzika mama yao. Tabitha aliweka mazishi Jumamosi, Kogo akakataa kushika kazi yoyote, na Tabitha akasema mbele ya waombolezaji kwamba dada yake anamwabudu Mungu kwa siku ya uongo. Kogo akamrudishia neno lile lile. Nilikuwa bado mtoto wa kubebwa wakati huo. Nilipopata akili nilikuta nimeshapewa kazi ya kurudisha kuku, na nikirudisha nisikae.

Basi Ijumaa moja, nikiwa darasa la sita, mwalimu alikaa kwenye ukingo wa dirisha akatuhadithia meli ya kwanza kuizunguka dunia. Sisi bahari tulikuwa hatujaiona, tulijua Ziwa Nakuru tu, na hilo kwa picha za kalenda. Alisema mabaharia walikosa matunda mpaka fizi zikavimba, wakachemsha ngozi za kwenye milingoti wakala, na panya wakauziana. Wengi walikufa. Wachache waliobaki walipokaribia kwao walitua kwenye visiwa kutafuta chakula, wakauliza leo ni siku gani. Wakaambiwa Alhamisi. Kwao ilikuwa Jumatano, na walikuwa wameandika kila siku tangu waondoke, hawakuruka hata moja. Walisikitika sana, maana sikukuu zote za kanisa walikuwa wameziadhimisha siku isiyo yake. Walipofika nyumbani wakaenda kanisani miguu mitupu, wakiwa na mishumaa mkononi.

Nilikimbia nyumbani na habari hiyo. Nilimkuta Kogo akiosha viazi, nikachukua kimoja kiwe dunia, nikachomeka mwiba uwe meli, moto wa jiko ukawa jua. Nikamzungushia kama mwalimu alivyotuzungushia mpira: ukilifuata jua linakotua, kila siku yako inarefuka kidogo, na ukimaliza mzunguko wote umeona jua likitua mara moja pungufu ya aliyebaki nyumbani.

Kogo alinifanya nizungushe tena. Alikuwa mtu wa kudadisi, angeweza kumsimamisha fundi wa redio njiani ili amweleze sauti inaingilia wapi. Mara hii hakuuliza kuhusu panya wala ngozi.

"Hao wa kwenye meli, na hao waliobaki kwao," alisema. "Kwa hiyo hakuna aliyedanganya?"

Nikamwambia hakuna, wote walihesabu vizuri.

Akachochea moto mpaka viazi vikachemka. Kisha akataka kujua kama watu walioleta Sabato huku kwetu hawakuja kwa meli pia, na walipita wapi. Sikujua. Akanituma nimuulize mwalimu Jumatatu.

Lakini Jumatatu hakuingoja. Jumapili alasiri alijifunga leso, akachukua sufuria yenye viazi vilivyobaki, akavuka kijito. Nilimfuata. Tabitha alitoka mlangoni akasimama, mikono imejaa unga.

"Nimekuja kukuuliza," Kogo akasema. "Kama walioniletea siku yangu waliizunguka dunia, basi Jumamosi yangu ndiyo hii Jumapili yako."

Nikalazimika kuzungusha kiazi tena, na Tabitha akatazama. Nilipomaliza aliangalia ndani ya sufuria.

"Hivi vimepoa," akasema. "Leta nipashe."

Ndiyo mara ya kwanza nilikula viazi vya Sabato vikiwa moto, nimekaa katikati ya nyanya zangu wawili, na hakuna aliyetaja mazishi. Nilifurahi hadi nikaogopa.

Jumatatu mwalimu alinijibu vizuri kabisa. Wale watu walishuka kutoka Ulaya mpaka Mombasa, wakapanda kuja bara. Dunia hawakuizunguka, na siku hawakupoteza. Nilitembea polepole kurudi, nikidhani nimebeba ugomvi mpya. Kogo alikuwa akikamua ng'ombe, akanisikiliza bila kugeuka.

"Hayo usiyapeleke ng'ambo," akasema, akaendelea kukamua.

Aliendelea na Jumamosi yake, Tabitha na Jumapili yake, na kila Ijumaa tulichemsha viazi vya kutosha kuvuka kijito.

Kwa miaka mingi niliamini nilimsaidia Kogo kuficha ukweli. Nilikuwa mtu mzima, nikifukia udongo kwenye kaburi lake, Tabitha akilia ameniegemea, ndipo nilipoelewa. Njia ya meli za wale watu haikumhusu sana. Swali lake lilikuwa lile la kwanza, kama kuna aliyedanganya, na nililijibu pale jikoni, bila kujua, nimeshika kiazi.